Mashuka Sita kwenye Ufukwe wa Nne

Mama Kola alipoingia kwenye nyumba ya likizo hakwenda dirishani kutazama bahari, ingawa ilikuwa hapo chini tu, imenyooka kama imetoka kupigwa pasi. Alikwenda chumbani, akainama juu ya kitanda, akanusa shuka.

"Halikusuuzwa mara mbili," akasema.

"Mama, tuko likizo."

"Na sabuni nayo iko likizo. Imejilaza humu ndani mpaka leo."

Kabla jua la siku ile ya kwanza halijazama, mashuka yote sita ya nyumba yalikuwa ndani ya beseni. Msimamizi wa nyumba, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo, alipita kuwaletea funguo za akiba akawakuta wageni wake wamekunja mikono ya nguo, wanakamua. Alisimama mlangoni akitafakari kama acheke au anune. Mwishowe akaweka funguo mezani na kuondoka zake, kimya, na waliomzoea wangekwambia kwamba huo ulikuwa muujiza.

Asimlaumu mtu Mama Kola. Alikuwa dobi kwa miaka thelathini na minne, na jina lenyewe alipewa na wateja kwa sababu kola alizozitia wanga zilisimama wima hata mwenye shati akiwa amelala. Tena yeye mwenyewe alivaa kola. Joto liwe la kukaanga yai juu ya bati, Mama Kola angekuwa amefunga vifungo mpaka kooni, utadhani anasubiri kupigwa picha ya pasi ya kusafiria. Bintiye, aliyefanya kazi naye dukani tangu alipomaliza shule, wateja walimwita Ratiba, maana hakuna jambo alilolianza bila kuliandikia saa yake, na inasemekana hata chafya alikuwa akizipangia.

Safari hii ilizaliwa hapo dukani. Siku moja Mama Kola alimwambia mteja, akicheka, kwamba amezama kwenye maji maisha yake yote na bado atakufa hajaijua bahari. Ratiba alikuwa nyuma anapiga pasi mapazia. Alisikia. Miezi saba baadaye akamwekea mama yake mezani karatasi yenye picha ya nyumba kisiwani, siku nne, na ratiba.

Mama Kola alifurahi mpaka akakosa usingizi, kisha akakosa usingizi kwa sababu nyingine. Kuingia baharini ni kuvua nguo. Na mgongoni, kuanzia bega la kulia hadi kiunoni, alikuwa na kovu.

Ratiba alijua kwamba kovu lipo. Aliwahi kukiona kipande chake karibu na shingo, akauliza, akajibiwa kwamba ni pasi ya mkaa, zamani, kabla hajazaliwa. Huo ulikuwa uongo, na Mama Kola aliutunza kama anavyotunza suti ya mteja mkubwa. Haikuwa pasi. Ilikuwa mashine ya mvuke, ile ile ambayo mpaka leo inakoroma pale dukani, na mkono uliofungua koki ulikuwa mkono wa mtoto wa miaka minne. Mama alijitupa katikati, mvuke ukampata yeye. Mtoto alilia kidogo, akapewa biskuti, akasahau. Mama hakutaka akumbushwe. Alipotibiwa na kupona alihama mtaa, akahamisha duka, akabadili hata fundi wa mashine, ili pasibaki mdomo wa kumwambia mtoto yule ni nani aliyemuunguza mama yake. Ndiyo maana ya kola. Macho ya dunia nzima hayakumtisha sana. Yaliyomtisha yalikuwa mawili tu, na sasa yalikuwa yanamtazama kwenye meza ya nyumba ya likizo, yaking'aa kwa furaha.

"Kesho tunaingia majini saa tatu," alisema Ratiba.

"Pale mbele hapana. Pamejaa watu kama siku ya kugawa sare."

"Basi tutafute palipo na watu wachache."

"Wachache wangapi?"

"Wewe unataka wangapi?"

"Pasiwe na mtu, mwanangu. Mama yako ana haya."

Kwenye meza ya sebuleni kulikuwa na faili ambalo msimamizi aliliandika kwa mkono wake: namna ya kuwasha jiko, namna ya kulibembeleza bomba la bafuni, na ukurasa mzima wa fukwe ambazo wageni wengi hawazijui. Fukwe zenyewe zilikuwa nne, kila moja na njia yake na saa nzuri ya kwenda. Ratiba alizinakili kwenye daftari lake kwa furaha ya mtu aliyekutana na mwenzake. Kurasa zisizokuwa na saa hakuhangaika nazo.

Ufukwe wa kwanza waliukuta na bibi harusi. Alikuwa amesimama majini na gauni lake lote, na mpiga picha anamwambia acheke kama mtu asiyedaiwa. Mama Kola aliitazama lile pindo la gauni linavyolowa chumvi na mchanga, akafumba macho.

"Twende, mwanangu. Nitamvua lile gauni nikalisuuze."

Wa pili ulikuwa na wafanyakazi wa ofisi fulani waliokuja kujengeana umoja. Walikuwa wanavuta kamba, na watu wa mapokezi walikuwa wanaburutwa. Wa tatu, asubuhi ya pili, ulikuwa mzuri hadi unaona haya kuukanyaga, maji ya kijani, mchanga mweupe, na chini ya mwavuli mzee mmoja anasoma gazeti.

"Ni mmoja tu, mama."

"Mmoja ana macho mawili."

"Anasoma gazeti."

"Gazeti lina mwisho."

Ratiba alifunga daftari. Hakuwa mtu wa kukasirika haraka, lakini siku mbili zilikuwa zimekwenda na mama yake alikuwa hajalowesha hata kisigino. Usiku ule alilala akigeukageuka juu ya godoro tupu, kwani mashuka nayo hayakuwa yamekauka. Kamba ya nyumba ile ilifungwa kivulini, na hewa ya bahari, kama dobi yeyote atakavyokwambia, haikaushi kitu, inakilambalamba tu. Asubuhi ya tatu mashuka yalianza kutoa harufu ya kuvunda, na aibu ikawapata wote wawili. Kuchukua shuka la mtu likiwa na sabuni kidogo na kulirudisha linanuka ukungu, hilo jina lingewafuata hadi nyumbani.

Hapo ndipo Ratiba alipopata wazo, na alilipata kama dobi.

"Tunakwenda ufukwe wa nne, na mashuka tunayabeba. Kamba ninayo, vibanio ninavyo. Nafunga kamba kati ya miti, natundika yote sita, yanakauka kwa jua na upepo, na yanakuwa ukuta. Wewe unaoga upande wa bahari. Mimi nakaa upande wa pili, sikuoni, huonekani."

Mama Kola alimtazama bintiye. Alitafuta kasoro kwenye ile mipango, hakuiona.

"Na hutachungulia?"

"Nichungulie nini, mama? Nakuja na ushonaji wangu."

Njia ya ufukwe wa nne ilipanda mlima wa mawe makali, ikashuka upande wa pili kwenye mawe mabaya zaidi. Walitembea saa nzima, kila mmoja na beseni lake la mashuka kichwani, wakitukana mawe kwa zamu. Lakini walipofika, hapakuwa na bibi harusi, wala ofisi, wala gazeti. Palikuwa na ghuba ndogo kama kiganja, miti michache ya mivinje, na maji yaliyotulia.

Ratiba alifunga kamba kwa fundo lile la dukani lisilolegea. Akatundika shuka la kwanza, la pili, hadi la sita, pindo kwa pindo, kibanio mahali pake, bila mkunjo. Mama alipita akavuta kona moja, siyo kwamba ilihitaji. Upepo ukayajaza, yakang'aa mpaka yakaumiza macho. Ni kweli yalikuwa yametakata. Weupe ule ungeonekana kutoka mbali sana.

Halafu Ratiba akaketi upande wake na sindano, na Mama Kola, upande wake, akafungua kifungo cha kwanza.

Aliingia na shimizi. Maji yalimfika vifundoni, akasimama, akayaonja kwa kidole.

"Haya hayafai kufulia," aliita.

"Endelea kuingia," Ratiba alijibu kutoka nyuma ya mashuka.

Akaendelea. Yalimfika magotini, kiunoni, kisha kifuani, na pale kifuani yakambeba. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba maji yanabeba. Miaka yote hiyo yeye ndiye aliyeyabeba, ndoo kwa ndoo, na leo yalikuwa yanalipa fadhila. Alinyanyua mguu mmoja, akacheka peke yake. Akanyanyua wa pili, akanywa chumvi, akakohoa, akacheka tena. Upande wa pili Ratiba alisikia kicheko kile, akajichoma sindano, wala hakujali.

Walikaa hivyo saa nzima na zaidi. Kisha pakasikika injini.

Boti ndogo ilikata kona ya mwamba na kuja moja kwa moja. Nyuma alishika usukani nahodha, mwanamume mkimya mwenye kofia. Mbele alisimama msimamizi wa nyumba, amevaa koti la kuokolea maisha lililokataa kufungika.

"Nani amekufa?" alipaza sauti.

Mama Kola alizama mpaka kidevuni. "Hajafa mtu."

"Wamevunjika miguu?"

"Hajavunjika mtu. Mnataka nini?"

"Mnataka nini nyinyi? Hamkusoma ukurasa wa mwisho? Mtu akikwama kwenye ufukwe wa nne anatundika kitambaa cheupe, mimi nakiona kibarazani kwangu, nakuja na boti. Kitambaa kimoja, dada. Kimoja maana yake njoo. Nyie mmetundika sita. Nikamwambia nahodha, twende tu, lakini tutakuta wamekwisha familia nzima."

Kutoka nyuma ya mashuka Ratiba alianza kuinuka. "Shangazi, ni makosa yangu, ukurasa wa mwisho haukuwa na saa—"

"Kaa huko huko," alisema mama yake. Kwa upole, lakini Ratiba aliketi.

"Haya, hatujafa," Mama Kola aliendelea. "Tunashukuru kwa moyo wenu mzuri. Rudini salama."

Msimamizi hakuwa mtu wa kuagwa namna hiyo. Aliyatazama mashuka. Akayatambua.

"Yale si ya kwangu?"

Mjadala uliofuata ulihusu sabuni, kusuuza mara moja na kusuuza mara mbili, na nani alimtuma nani. Ulikuwa mrefu na kila upande ulisema kweli. Nahodha alisubiri ukatike ili aseme neno lake, haukukatika. Mwishowe alisema hivyo hivyo, katikati.

"Maji yanakupwa."

Hakuna aliyemsikia. Alikwisha sema, hakurudia. Baada ya muda kidogo fungu la mchanga likakwaruza chini ya boti, boti ikaegemea ubavu taratibu kama ng'ombe anayelala, na msimamizi akakaa bila kupenda.

"Nilisema," alisema nahodha.

"Tutatoka saa ngapi?" msimamizi aliuliza.

"Yakirudi. Saa kumi na moja jioni."

Ilikuwa saa tano asubuhi.

Hapo Mama Kola akaiona hali yake ilivyo. Ghuba ile ilikuwa bapa kama sinia. Maji yaliyomzuia nahodha asiondoke ndiyo yaliyokuwa yanamkimbia yeye. Yalikuwa kifuani, sasa yako mbavuni. Akapiga magoti, yakarudi shingoni, akajiona mjanja. Dakika chache yakashuka tena. Akakaa kitako. Yakashuka. Akaanza kujinyoosha chali, mikono nyuma, kama mtu aliyekusudia kupumzika tangu mwanzo.

Msimamizi alikuwa anamtazama kutoka botini, amesahau mashuka.

"Dada, baridi itakuingia. Toka."

"Niko sawa."

"Bado kidogo utakuwa umelala kwenye tope."

"Nimesema niko sawa, mdogo wangu."

"Nahodha, geuka uangalie injini yako," alisema msimamizi, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Nahodha akageuka. "Haya, mwanamume hayupo. Toka sasa."

Ni vigumu kueleza jinsi wema unavyoweza kumbana mtu. Mama Kola angeweza kupigana na yule mama akiwa mkali. Sasa yule mama alikuwa ameshuka botini na koti lake la rangi ya machungwa, anamjia ndani ya maji ya magotini, ameshika taulo kwa mikono miwili. Na Ratiba, ambaye alivumilia yote, aliposikia neno baridi alishindwa kuvumilia. Alilipitisha shuka la tatu juu ya kichwa chake, akatokea.

Mama alikuwa ameinuka nusu, amempa bahari uso na nchi kavu mgongo. Shimizi lilikuwa limelowa, na mkanda mmoja umeteleza.

"Masikini," alisema msimamizi, aliyekuwa amemzunguka amfunike mgongo kwa taulo. Hakuwa na kinyaa, aliuliza kama mtu anayeuliza njia. "Hii ni nini, dada? Pasi au maji ya moto?"

"Pasi," alisema Mama Kola haraka. "Ya mkaa. Zamani sana."

Ratiba alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yake. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kusimama hivyo hivyo, mteja analalamika mbele yake na nguo iliyoungua iko mezani, naye anaamua ni duka limeunguza au ni mteja mwenyewe. Hakuwahi kukosea. Macho yake yalifanya kazi kabla hajayatuma.

"Si pasi," alisema.

"Mwanangu, chukua lile taulo—"

"Pasi ina ncha, mama. Ina ukingo. Hili halina ukingo. Limeanzia hapa begani, nene, kisha likatawanyika kushuka. Huu ni mvuke. Umetoka sehemu moja kwa nguvu."

Mama Kola hakugeuka. "Labda. Nimesahau."

"Mashine ya mvuke tulinunua nikiwa na miaka minne. Wewe ndiye uliyenisimulia. Walipoileta nililia, nikadhani wameleta treni dukani."

"Basi ilikuwa baadaye kidogo. Ajali za kazi, mwanangu, nani anaweka tarehe."

"Hukuwa umesimama vibaya." Sauti ya Ratiba ilikuwa inapungua, neno kwa neno. "Huwezi kusimama mbele ya koki. Ndicho kitu cha kwanza ulichonifundisha. Kabla ya kupanga nguo, kabla ya chochote. Ulinishika mabega ukaniambia, hapa usisimame kamwe. Sasa wewe ulifika vipi mbele ya koki ikiwa wazi? Na kwa mgongo?"

Msimamizi alifungua mdomo, akaufunga, na muujiza ukatokea mara ya pili.

"Dukani tulikuwa wangapi, mama?"

Uongo ulikuwepo, tayari. Mama Kola aliutazama, ulikuwa mzuri: fundi. Angesema fundi alifungua, fundi yule hajulikani aliko, mambo yakaisha. Miaka ishirini na saba aliutunza ule wa pasi, huu mpya ungehitaji mingine mingapi? Na maji yalikuwa yamefika vifundoni, hakuna tena pa kujificha.

"Wawili," alisema.

Ratiba alikaa chini pale pale, ndani ya maji machache yaliyobaki, na sketi yake.

Mama aligeuka, akakaa mbele yake. "Ulikuwa na miaka minne. Mkono wako haukufika hata kwenye koki, ulipanda juu ya beseni. Hukujua."

"Watu walijua?"

"Nilihama."

"Tulihama mtaa kwa sababu hiyo?"

"Na kodi ilikuwa imepanda."

"Usinichekeshe, mama."

"Sikuchekeshi. Ilipanda kweli."

Ratiba alijifuta uso kwa mkono wenye chumvi, macho yakamwasha zaidi. "Umefunga vifungo mpaka shingoni kwenye joto lile. Miaka yote. Na mimi ndiye niliyekuwa nakuambia vaa kitu chepesi, nakuona mshamba."

"Ulinishauri vizuri. Lakini ungejua, ungefanyaje? Ungekuwa unaniomba radhi kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Nani angepiga pasi?"

"Ningekuomba mara moja."

"Basi omba, tumalize."

Ratiba akaomba. Haikuwa ndefu, na haikusikika hadi botini. Msimamizi alikuwa amekwisha rudi kule, amewapa mama na binti kisogo, na nahodha naye amewapa kisogo, wote wawili wanaangalia injini isiyokuwa na ubovu wowote.

Walikaa hivyo hadi maji yakaondoka kabisa na kuwaacha juu ya mchanga ulioloa, mama na binti, wakitazama kaa wadogo wakitoka kuuliza kulikoni.

"Linauma?" Ratiba aliuliza baadaye.

"Kuuma liliacha zamani." Mama Kola alifikiri kidogo. "Linawasha. Joto likizidi linawasha, na mahali penyewe mkono haufiki. Nimejaribu na rula, nimejaribu na mwiko. Kuna kona moja ya kabati pale nyumbani, ile iliyochakaa rangi, siyo panya."

"Mama."

"Sasa ningemwambia nani? Ningesema nikune, ningeulizwa nikukune nini."

Ratiba alisogea nyuma ya mama yake kwa magoti. Aliweka kiganja kwanza, chote, akakiacha hapo hadi mgongo ulipoacha kukaza.

"Wapi?"

"Acha, mwanangu, watu wapo."

"Wapi, mama?"

"Chini kidogo. Hapana, hapo siyo. Kushoto." Mama Kola aliinamisha kichwa, akafumba macho. "Juu. Usiogope, tia kucha. Hapo. Hapo hapo."